Nilivyojiunga na timu ya raga Kibaha nikiwa na miaka thelathini na tatu, mke wangu akiwa Katavi

Wakuu, poleni na mihangaiko ya wiki.

Humu ndani mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila leo nimekumbuka watu fulani mpaka kazi haiendi, nikaona bora niyatoe moyoni. Hii siyo chai. Mambo yametokea hivi hivi, nilichobadilisha ni majina tu.

Ni ndefu kidogo. Mwenye haraka apite, hatutagombana.

Iko hivi.

Mimi ni fundi wa madirisha na milango ya alumini. Kwetu Singida, lakini Kibaha nimekaa miaka mingi, na banda langu la kazi lilikuwa mtaa wa Picha ya Ndege. Mnaopajua mnajua, ukigeuka kulia mtu ananyanyua nyumba, ukigeuka kushoto mwingine anamwaga jamvi la zege. Kazi haikosekani.

Mke wangu ni nesi. Ajira yake ilipotoka akapangiwa zahanati moja huko Katavi, ndani ndani, ukitoka Mpanda bado una safari. Binti yetu Faraja alikuwa ananyonya, akaondoka naye.

Mpango ulikuwa aripoti, akae kidogo, halafu aombe uhamisho arudi Pwani.

Watumishi wa umma najua hapo mmecheka.

Kila tukiomba, jibu ni subirini. Mwaka ukaisha, ukaingia mwingine. Nilifanikiwa kwenda kuwaona mara moja tu, kipindi hicho Faraja anajifunza kusimama kwa kushika kiti.

Sasa wakuu, niseme kitu ambacho wanaume huwa hatukisemi. Kilichokuwa kinaniuma siyo hicho ambacho wengi mmeshakifikiria. Hicho mtu unavumilia. Kilichoniuma ni kutokuguswa na mtu yeyote. Wiki inaanza na kuisha, mwili wangu haujakutana na binadamu mwingine zaidi ya kupeana mkono na mteja. Upande wa kitanda wa mke wangu niliujaza nguo zilizofuliwa, nazikunja nusu, nyingine naziacha hapo hapo, ili nikigeuka nikute kitu.

Nadhani aliyewahi kuishi hivyo ameshanielewa.

Jumamosi moja jioni niko Misugusugu, hapo hapo Kibaha, juu ya ngazi, napachika madirisha kwenye nyumba ya mteja. Jirani kuna uwanja wa shule. Nikasikia kelele. Kugeuka, naona watu wazima, wanaume na wanawake, wameinama makundi mawili, wameshikana mabegani, vichwa vimeingiliana katikati, wanasukumana kwa nguvu zote huku wanaunguruma.

Nikajua watu wanauana.

Nilishuka ile ngazi mbio, bisibisi mkononi, nikakatiza uwanja napiga kelele, "Jamani! Jamani, acheni!"

Wakasimama wote. Wakanitazama. Halafu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Akaja mwanamke mmoja mfupi, amevaa trakisuti, filimbi shingoni. "Kaka, hatugombani," akasema. "Hii inaitwa raga. Tunafanya mazoezi."

Nyuma yake kulikuwa na jamaa mmoja mkubwa kama mlango wa gereji, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akauliza, "Sasa wewe ulikuwa unakuja kuamua kwa bisibisi?"

Nikaificha bisibisi mgongoni.

Yule mwanamke ndiye Kocha Semeni. Mzaramo, mzaliwa wa Kisarawe, mwalimu wa michezo sekondari, raga aliijulia chuoni. Yule mkubwa anaitwa Pazi, dereva wa roli la mchanga. Kwenye stori hii hao wawili washikeni.

Kocha akanikagua kuanzia miguuni kama mtu anayechagua mbuzi. "Una mwili wa kucheza mbele. Jumamosi ijayo njoo na nguo ya kuchafua."

"Nina miaka thelathini na tatu, mwalimu."

"Sijakuuliza miaka."

Nikaenda. Hata leo sijui vizuri kwa nini nilienda. Nafikiri ni kile kicheko. Ulikuwa muda mrefu hakuna mtu aliyenicheka kwa namna ya kunipenda.

Kwa wasioijua raga nieleze kidogo. Mpira wake una umbo la yai, ukidunda haujulikani unaelekea wapi. Unakimbia nao mikononi kwenda mbele, ila kumpasia mwenzako lazima umrushie aliye nyuma yako. Ukirusha mbele ni kosa. Wakati huo wapinzani wanaruhusiwa kukukumbatia kiunoni au miguuni wakuangushe chini. Na kile kitendo cha kuinama na kusukumana nilichodhani ni ugomvi kinaitwa skramu.

Siku ya kwanza nilitapika. Sifichi. Nilikimbia raundi chache, nikaenda pembeni kwenye nyasi nikamwaga chai yote ya mchana. Nikategemea kuchekwa tena. Binti mmoja wa timu akaniletea maji, akasema, "Karibu, wote tumepita hapo."

Mwisho wa mazoezi Kocha akanipanga kwenye skramu. Kulia kwangu Pazi, kushoto kijana mmoja fundi pikipiki. Tukashikana. Mkono wa Pazi ukapita mgongoni kwangu, akakunja jezi yangu kwenye ngumi, akanivuta mbavu kwa mbavu. Nyuma yetu wengine wakaingiza mabega yao. Nikasikia watu wanapumua kila upande, jasho lao, joto lao, uzito wao wote umenikalia.

Kocha akapiga filimbi tusukume.

Wakuu, machozi yalinitoka. Nilikuwa nimeinama kwa hiyo hakuna aliyeona, na kama kuna aliyeona alijua ni vumbi. Nilikuwa nasukuma huku nalia, na moyoni nasema isiishe kwanza, isiishe.

Kuanzia hapo sikukosa Jumamosi.

Jina langu wakalisahau, nikawa Dirisha. "Dirisha, inama!" "Dirisha, pasi!" Nilikuwa mzito, pasi zangu zinaenda kwa majirani, lakini nikawa na mahali pa kwenda. Nikiwa kazini Jumatatu nahisi maumivu ya bega, nafurahi, maana ni kama risiti kwamba nilikuwa na watu.

Nyumbani kule Katavi mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Mke wangu, mimi namwita Mama Faraja, alikuwa anapanda kwenye kilima nyuma ya zahanati ndipo tuongee kwa video. Picha inaganda, sauti inakuja baadaye. Faraja anabusu kioo. Nilimsimulia raga, akawa anacheka. "Afadhali umepata watu," akasema. Halafu akanyamaza kidogo, nikadhani ni mtandao.

Umeme ulikata, nimerudi. Kuna mkuu hapo chini ameuliza kwa nini nisingehama mimi mapema kwa sababu ufundi unahamishika. Mkuu, subiri, tunafika huko. Swali lako ndilo lililonifanya niandike.

Nilifanya mazoezi miezi mingi bila kucheza mechi. Zikija mechi za kirafiki mimi nashika chupa za maji. Nilitamani kuingia uwanjani jinsi mtoto anavyotamani sikukuu. Nikiwa peke yangu bandani naukumbatia mfuko wa silikoni ya kuzibia madirisha, najifanya natoroka na mpira.

Ndipo ikaja mechi ya Kisarawe.

Timu moja ya Dar ilikubali kucheza na sisi, na Kocha akaomba ichezwe kwao Kisarawe, watu wa kwao waone ni kitu gani anachofanya kila Jumamosi. Uwanja umelala kwenye mteremko kidogo, vilima vya kijani vimeuzunguka, hewa ya ubaridi tofauti na Kibaha. Watu walijaa pembeni, wazee wa kofia, kina mama na khanga zao, bodaboda wamezima injini wanatazama.

Mama yake Kocha, Bi Mwanahawa, alikuwa ameleta sufuria la wali wa nazi na kisamvu kwa ajili yetu. Tukaenda kumwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu." Akatutazama tulivyojifunga viungo kwa tepu. "Huu mchezo, au kuna mtu kawakorofisha?"

"Mchezo, bibi."

"Haya. Mrudi na meno yenu, nyama ya kisamvu hiki ngumu."

Kipindi cha pili tuko nyuma kidogo, mwenzetu akachoka, Kocha akageuka. "Dirisha, ingia."

Nikaweka chini chupa za maji. Nikaingia.

Sitawadanganya kwamba nilifunga. Mpira niliushika mara mbili, moja nikaudondosha. Lakini kuna muda jamaa wao mmoja, pande la mtu, alichomoka na mpira akawa anashuka na ule mteremko kama roli lililokatika breki. Mbele yake hakuna mtu. Nipo mimi tu.

Nilisikia Pazi kwa nyuma yangu, "Dirisha, mkumbatie!"

Nikamkumbatia. Niliingiza bega kiunoni kwake, nikafunga mikono, nikang'ang'ania. Tukaanguka wote, mpira ukamtoka, uwanja mzima ukalipuka. Nikasikia watu nisiowajua wanaita Dirisha, Dirisha.

Nikataka kuinuka. Mkono wa kulia ukakataa.

Mtulinga ulikuwa umevunjika, ule mfupa wa juu ya kifua unaoshikilia bega. Nilitolewa nje nikicheka, Bi Mwanahawa akiniambia, "Unacheka nini na mkono unaning'inia?" Mechi tulifungwa. Mimi nilikuwa na furaha kama mwehu. Maumivu yalikuja baadaye, tukiwa njiani kwenda hospitali.

Sasa fundi wa alumini mwenye mkono mmoja ni nini? Si kitu. Nilifungwa mkono kifuani, nikaambiwa nipumzike wiki kadhaa.

Hapo ndipo niliwajua wale watu. Walipangana bila mimi kujua. Asubuhi huyu anapita na uji, jioni yule anakuja kupika. Pazi, na ukubwa wake wote, alikuwa ananivalisha shati taratibu kama ananivalisha harusini. Siku ambazo hana safari alikuja bandani akashika fremu nami nafunga skrubu kwa mkono wa kushoto, ili wateja wasinikimbie. Fremu mbili alizipinda. Sikumwambia kitu.

Mke wangu sikumwambia nimevunjika. Nilijua atahangaika na yuko mbali. Simu nikawa nashika karibu na uso, mkono hauonekani.

Pazi ndiye aliyeharibu. Siku moja simu iliita mimi nipo bafuni, akapokea.

Nikamsikia, "Shemeji, jamaa anaendelea vizuri, mfupa umeanza kuunga."

Halafu nikamsikia tena,

"Mfupa gani? Kwani hajakwambia?"

Mama Faraja aliomba ruhusa kazini, akapanda basi na mtoto. Ni safari ndefu hiyo wakuu, walioifanya wanajua, unafika kiuno hukisikii. Akashukia kituo cha Kwa Mathias, pale Kibaha. Mimi na mkono wangu nikiwa najiandaa kwenda kuwapokea, nikasikia honi nje. Roli la mchanga. Pazi alikuwa ameshawawahi.

Mlango ukafunguliwa, mke wangu akashuka kutoka kule juu, vumbi la Katavi na mchanga wa roli vyote viko kwenye nguo zake. Nilikuwa nimepanga maneno. Hakuyasubiri. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaogopa bega, akanishika uso tena.

Pazi akamshusha Faraja akamsimamisha mbele yangu. Ameshakuwa mkubwa, nywele zimesukwa mafundo matatu, viatu vya kung'aa. Mama yake akamwambia, "Msalimie baba."

Yule mtoto akanitazama. Akaangalia simu mkononi kwa mama yake. Akaniangalia tena.

"Baba yupo kwenye simu," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananielimisha mimi mgeni.

Pazi aligeuka akaenda kukagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo.

Siku ile jamaa wa timu walikuja wengi kumsalimia shemeji. Wakasonga ugali, wakaunga dagaa kwa nazi, nyumba ikajaa vicheko na mabega. Faraja alibebwa na kila mtu. Kwangu alikuwa anakuja, anasimama mbali kidogo, ananichunguza, anaondoka. Mama Faraja alikuwa mkarimu kwa wote, anawashukuru mmoja mmoja. Lakini mimi namjua. Kuna kitu alikuwa amekimeza.

Kesho yake mchana mtoto amelala, tukakaa nje kwenye kivuli cha banda.

"Nina shukrani kwa hawa watu," akaanza. "Nilikuwa naogopa unateseka peke yako."

"Walinisaidia sana."

"Nimeona. Na nimewaonea wivu." Akawa anachora chini kwa kijiti. "Mwanzoni ulikuwa unaniambia kila siku, nitakuja, nitahamia huko, tutajua mbele. Toka uanze raga hujasema tena. Sikulaumu. Nilisikia sauti yako imechangamka, nikamshukuru Mungu. Halafu nikaogopa. Mtu akipata pa kupumzikia, safari anaiahirisha."

Nikataka kubisha. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho niliposema nitakuja, sikuikumbuka.

Mkuu uliyeuliza swali, jibu lako ni hilo. Mwanzo nilibaki kwa sababu tuliamini uhamisho uko karibu. Baadaye nilibaki kwa sababu nilikuwa naweza. Raga ilinipa nguvu ya kuvumilia kitu ambacho labda sikutakiwa kukivumilia.

Faraja akaamka akatokea mlangoni na usingizi wake. Akatupita wote wawili na macho. "Anko Pazi yuko wapi?"

Tukatazamana na mama yake. Nikamwambia mke wangu, "Mfupa ukiunga, nakuja. Siji kutembea."

Aliegemea bega langu zima, akabaki hapo mpaka jua likatufuata kivulini.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia Kocha. Nilimfuata Jumamosi kabla ya mazoezi, anapanga koni zake. Nikazungukazunguka, mwisho nikasema nahamia Katavi.

Akaendelea kupanga koni. "Umechelewa kuniambia. Nilijua toka siku ile mtoto alipokukataa, Pazi alinisimulia."

"Samahani, Kocha. Ndiyo kwanza nimecheza mechi moja."

Akasimama. "Mume wangu yuko Mtwara, wewe hujui. Huu mwaka wa sita. Unafikiri kwa nini mimi kila Jumamosi nakimbizana na watu wazima kwenye vumbi?" Akapuliza filimbi yake kuitoa mchanga. "Nenda, Dirisha. Nenda mapema kabla hujawa hodari wa kusubiri kama mimi."

Yule mwanamke nilikuwa nimemwona kila wiki. Sikuwahi kujiuliza anarudi kwa nani.

Mazoezi ya mwisho sikuruhusiwa kusukuma, bega lilikuwa changa. Nilikaa pembeni natazama. Walipomaliza Kocha akanipa mpira mmoja wa zamani, umechubuka, akasema wa kwangu. Pazi ndiye aliyenipeleka stendi. Basi lilipoanza kutembea nikamwona anakimbia sambamba nalo hatua kadhaa, mzito vile, anapunga, watu wanamshangaa.

Sasa hivi niko huku Katavi, na mazingira nimeyazoea. Watu wanajenga, alumini inaanza kupendwa, tunamshukuru Mungu. Faraja ilimchukua muda. Kwanza aliniita "wewe". Siku aliponiita baba bila kuambiwa, alikuwa anataka nimshushie kikombe kabatini, hata hakujua amesema nini. Nilimshushia kikombe, nikatoka nje nikasimama kwanza.

Kwa hiyo sijutii. Nataka hilo lieleweke.

Lakini Jumamosi jioni wakuu, aisee.

Ikifika saa kumi mwili unajua wenyewe. Nakaa sikai. Najua saa hiyo Misugusugu wanafunga viatu, Kocha anapiga kelele, Pazi amechelewa kama kawaida yake. Nawatamani kweli kweli. Nilikuwa nadhani nikifika kwa mke wangu kutamani kutaisha. Kumbe nilihama nako, kukageukia upande wa pili.

Wiki iliyopita Mama Faraja alinikuta nimesimama mlangoni, nimeubana kwapani ule mpira, natazama barabara. Nikaona aibu, nikataka kuuficha. Yeye akasema, "Usiwafanye watu wale siri. Mimi nilikuwa na wewe peke yako wa kukukosa, wewe unawakosa timu nzima. Nenda basi katafute wa huku."

Nilichojifunza ni kidogo tu. Ukiwa mpweke tafuta watu, usione haya umri wala kitambi, hata kwenye mchezo usioujua. Ila wakishakupa nguvu, jiulize hizo nguvu unazitumia kufanya nini. Na mkono ukivunjika, mwambie mkeo.

Mliopitia ndoa za mbali, semeni mlivyofanya, nasoma zote, hata za kunisema vibaya.

Na kama kuna mtu humu yuko Mpanda au maeneo ya jirani, awe mwanamke awe mwanaume, anajua raga au hajui, aniandikie hapa hapa kwenye uzi. Nimeomba uwanja wa shule ya msingi kwa mwalimu mkuu, amekubali. Jumamosi ya kwanza nilienda na Faraja. Tulikuwa wawili tu, na alinikimbiza vizuri.